Gongo Iliyokwenda Shule

Juma lililopita nilialikwa nyumbani kwa rafiki yangu, mhandisi ninayemfahamu tangu tulipokuwa wanafunzi pale Mlimani, ambaye sasa anaishi Geita mjini. Alikuwa ametoka Osaka kwenye mafunzo ya wiki sita, na pamoja na zawadi za watoto alirudi na chupa moja ya wiski ya Kijapani, Yamazaki ya miaka 12. Bei aliyoitaja ilikaribia mshahara wa mwezi wa mtumishi wa umma wa kima cha chini. Tulikaa barazani watu watatu: yeye, mimi, na baba yake mkubwa, mzee aliyechimba dhahabu Rwamgasa na Nyarugusu kwa zaidi ya miaka thelathini kabla magoti hayajamkatalia.

Tuliionja kwa utaratibu. Kwanza kavu, bila maji wala barafu, kidogo tu chini ya glasi. Rangi yake ni ya asali ya Tabora. Harufu ilitangulia kabla ya ladha: embe dodo lililoiva, karafuu, nazi iliyokaangwa, na kwa mbali harufu ya udi, kana kwamba jirani amefukiza chetezo. Ilipofika ulimini haikuchoma. Ilipasha moto taratibu, ikaacha utamu na ukavu wa mbao. Kisha tukaongeza barafu na soda isiyo na sukari, mchanganyiko ambao Wajapani wanauita haiboru na wanaunywa pamoja na chakula. Pombe ikatulia, matunda yakajitokeza. Mwisho rafiki yangu akachanganya soda ya tangawizi, ndimu na kijiko cha asali. Ilikuwa tamu, lakini nilihisi tumeipoteza: tangawizi ilisema kwa sauti kubwa, na miaka 12 ikanyamaza. Mchanganyiko wa namna hiyo unafaa kwa pombe changa. Kinywaji kilichozeeka kinataka kuachwa kiseme chenyewe.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Alinusa glasi yake kavu, akaonja, akaizungusha, akaonja tena. Kisha akasema: “Mwanangu, hii naijua. Hii ni gongo. Tofauti ni kwamba hii imekwenda shule.”

Tulicheka sana. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo inaihukumu nchi yangu.

Kitu kilekile, sheria mbili

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu, nikuombe jambo moja: makala hii haikuhimizi unywe. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, nimezika wenzangu walioangamizwa na pombe, nami nitalirudia jambo hilo huko mbele. Ninachojadili hapa ni uchumi, haki na akili ya dola.

Wiski na gongo ni watoto wa ufundi mmoja. Unachukua nafaka, tunda au sukari, unaichachua, unaichemsha, unaukusanya mvuke na kuupoza hadi urudi kuwa maji makali. Kwa Kiswahili sanifu kazi hiyo inaitwa kukeneka. Mitaani tunasema kupika gongo. Huko Yamazaki wanatumia shayiri na vyungu vya shaba. Huku kwetu wanatumia mihogo, mtama, ndizi au sukari guru, pamoja na pipa na bomba. Wiski inapotoka mtamboni haina rangi, ni nyeupe kama gongo na inaunguza kama gongo. Rangi ya asali, udi na embe huletwa na pipa la mbao na miaka ya kusubiri.

Tofauti ya pili ni sheria. Ile ya Japani inalipiwa ushuru, inapimwa, inawekwa rafu ya juu kwenye hoteli zetu, na waheshimiwa wanaipiga picha. Ile ya mama wa Nyarugusu inamwagwa chini mbele ya kamera za televisheni, pipa lake linatobolewa kwa shoka, naye anapandishwa kwenye gari akiwa na mtoto mgongoni. Kila mwaka tunaoneshwa tukio hilo kama ushindi wa taifa.

Sheria inayotumika ni ya mwaka 1966, Sheria ya Utengenezaji na Ukenekaji wa Moshi. Moshi hapa si mji wa Kilimanjaro. Ni jina jingine la gongo. Nawaomba wanafunzi wangu wa sheria waisome kwa makini. Kosa linaloandikwa kwenye hati za mashtaka ni kupatikana na moshi, au na mtambo wa kuutengenezea, bila leseni. Bila leseni! Maana yake sheria yenyewe inakiri kwamba kazi hii inaweza kupewa leseni. Nimezunguka Kahama, Msalala, Mbogwe na Geita kwa miaka mingi, na sijakutana na mama mpishi hata mmoja aliyewahi kuoneshwa mlango wa ofisi inayoitoa. Leseni ambayo maskini hajui inaombwa wapi ni marufuku iliyovaa suti.

Septemba 1919

Marufuku hii haikuzaliwa nasi. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mataifa makubwa yalitia saini mkataba kuhusu biashara ya pombe kali barani Afrika. Mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa pombe kali za bei rahisi katika sehemu kubwa ya bara letu, na ukapiga marufuku Waafrika wa maeneo hayo kukeneka pombe. Sababu iliyotajwa ilikuwa kumlinda mwenyeji. Mzungu aliyekuja kututawala Tanganyika hakuacha wiski yake. Mwafrika ndiye aliyezuiwa kwa sheria kuigusa ya Mzungu na kuipika ya kwake. Ulinzi ule ulikuwa ulinzi wa mtu asiyehesabiwa kuwa mtu mzima.

Miongoni mwa waliotia saini ilikuwemo Japani. Na hapa ndipo historia inapotucheka. Mwezi huohuo, kijana mmoja wa Kijapani aitwaye Masataka Taketsuru, mtoto wa familia ya watengeneza sake, alikuwa Uskoti akijifunza ufundi uleule ambao serikali yake ilikuwa inasaidia kumkataza Mwafrika. Alikuwa amefika huko mwaka 1918, ametumwa na kampuni ya nyumbani kwake. Alisoma Glasgow, akafanya kazi mitamboni, akaandika kila kitu katika madaftari: umbo la vyungu, muda wa kuchemsha, namna ya kutenganisha matone. Alirejea mwaka 1920. Mwaka 1923 mfanyabiashara Shinjiro Torii alianzisha mtambo wa Yamazaki na kumwajiri Taketsuru ausimamie. Wiski yao ya kwanza, Shirofuda, ilitoka mwaka 1929, nayo ilianguka vibaya. Wanywaji walisema inanuka moshi mno. Hakuna aliyevunja mapipa yao. Walirekebisha, na mwaka 1937 Torii akatoa Kakubin iliyopendwa. Taketsuru mwenyewe alikuwa ameondoka na kuanzisha mtambo wake Yoichi mwaka 1934.

Walipoadimikiwa na mbao za mapipa kutoka nje wakati wa vita, walikata mwaloni wao wenyewe uitwao mizunara, mti mgumu kufanyia kazi, wenye mapipa yanayovuja. Leo ule udi nilioununusa Geita unasifiwa kuwa ni zawadi ya mizunara. Upungufu uligeuka kuwa sifa, kwa kuwa walikuwa na muda wa kungoja. Katika toleo la mwaka 2015 la kitabu chake cha kupima wiski za dunia, Mwingereza Jim Murray aliipa nafasi ya kwanza wiski ya Yamazaki, si ya Uskoti. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

Atakayesema Japani nayo iliwahi kuwabana watu wake atakuwa sahihi. Mwaka 1899 ilipiga marufuku utengenezaji wa sake majumbani, kwa sababu ilitaka kodi ya pombe. Lakini wakati wanafunga jiko la nyumbani waliacha wazi mlango wa kiwanda cha mji mdogo, cha familia, chenye leseni. Sisi tulifunga jiko, tukafunga na mlango.

Daftari la mama mdogo

Sasa nisimulie la kwetu. Karo yangu ya sekondari ililipwa na gongo. Naliandika hili kwa jina langu na shahada yangu ya uzamivu, wala sioni haya. Mama yangu mdogo aliishi kwenye machimbo upande wa Geita miaka ya 1990. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Kuingia shimoni asingeweza, maana wachimbaji wengi waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba mwanamke akikaribia duara dhahabu hukimbia. Mtaji wake ulikuwa pipa moja, bomba moja na kuni.

Likizo nilimsaidia kuchota maji ya kupozea bomba. Alikuwa na kanuni kali. Matone ya kwanza aliyamwaga chini, kila mara, hata siku ambayo hatukuwa na unga. “Haya yana kichwa kibaya,” alisema. Katikati ndipo alipokinga. Mwishoni, ladha ilipoanza kuwa ya maji na chachu, aliacha, akairudisha hiyo katika upishi unaofuata. Bomba lake lilikuwa la shaba. Aliyemletea bomba la rejeta ya gari alimfukuza, kwa sababu aliwahi kuona watu wakiumwa tumbo. Hakujua neno methanoli wala neno risasi. Alijua watu wake.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi mabingwa wa Uskoti na Japani wanavyofanya. Wanatupa au kurudisha kichwa, wanakinga moyo, wanarudisha mkia. Niliweka kitabu chini. Mama mdogo alikuwa anafanya kazi ya Taketsuru kwenye kibanda cha turubai.

Mwaka niliokuwa kidato cha pili walikuja asubuhi. Pipa lilitobolewa, bomba likachukuliwa kuwa kielelezo, naye akafungwa miezi sita. Watoto wake waligawanywa kwa ndugu kama vifaranga. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, hadi baba alipouza ng'ombe. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Alikohoa kwa miaka miwili, na hakupika tena.

Madaftari ya Taketsuru yanaheshimiwa hadi leo kama mwanzo wa utajiri wa taifa. Mama mdogo hakuwa na daftari, na hata angelijua kuandika asingeandika, kwani daftari lake lingesomwa mahakamani. Hivyo ndivyo sheria mbaya inavyoua maarifa: inahakikisha kwamba kila kizazi kinaanza upya, gizani, kwa kukimbia.

Tulikwisha kulifanya hili kwenye dhahabu

Wapo watakaosema naota. Nawajibu kwa mfano wa ardhi niliyosimama juu yake. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kumpisha mwekezaji. Wakati huo jina lao rasmi lilikuwa wavamizi. Mtu yuleyule, sururu ileile, leo anaitwa mchimbaji mdogo, ana leseni ndogo ya uchimbaji, na tangu mwaka 2019 ana soko la madini la kuuzia dhahabu yake, likiwamo la hapa Geita. Mwaka huohuo serikali ilimwondolea kodi zilizokuwa zikimsukuma kwa walanguzi. Haikusema zebaki anayotumia haina madhara; ina madhara makubwa. Ilisema tu kwamba mtu aliye ndani ya sheria anaweza kufundishwa, na aliye nje anaweza kukimbizwa tu.

Halafu kumbukeni Machi 2017. Tarehe mosi mwezi huo pombe kali za viroba zilipigwa marufuku, uamuzi niliouunga mkono, kwani kiroba kilikuwa kinaingia mfukoni mwa mtoto wa shule. Mwezi huohuo serikali ilizuia makinikia ya dhahabu kusafirishwa nje, ikasema mali ghafi isitoke nchini bila kuongezwa thamani. Mwaka 2021 tukafungua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza. Tulipiga makofi, na tulistahili kupiga. Lakini falsafa hiyo ilikomea kwenye mawe. Mtama, mihogo na viazi vya Usukuma havikuambiwa kwamba navyo vinaweza kuongezewa thamani.

Viazi vitamu hasa. Nani asiyejua michembe na matobolwa, viazi tunavyovikausha ili vituvushe kiangazi? Huko Kagoshima, kusini mwa Japani, viazi vitamu vinakenekwa kuwa shochu, na jina la Satsuma la kinywaji hicho linalindwa kisheria, lisitumiwe na mtu wa mahali pengine. Mkulima wa huko anajua kwamba viazi vyake visipoliwa vitanyweka, na vikinyweka vitalipa. Mkulima wa Shinyanga anajua kwamba viazi vyake visipoliwa vitaoza.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni afya, na ndiyo nzito kuliko zote. Gongo inaua. Kweli, inaua. Ulevi umebomoa nyumba nyingi katika mkanda huu wa dhahabu kuliko mapango yaliyoporomoka. Nimeona kijana akiuza gramu zake asubuhi na kulala mtaroni jioni, na mke wake akija kumtafuta na jicho lililovimba. Siandiki haya kwa wepesi. Lakini tuulize: miaka karibu sitini ya kutoboa mapipa imepunguza nini? Mpishi anayekimbia hapimi, hasubiri, hamwagi matone ya kwanza. Mitambo inahamia korongoni, karibu na maji machafu. Na mlanguzi asiye na ujuzi anaongeza kemikali za viwandani ili iwe kali haraka. Vifo vya halaiki huwa vinatoka hapo: methanoli ya kiwandani iliyochanganywa kwa tamaa. Majirani zetu wa Kabale, Uganda, walizika makumi ya watu mwaka 2010 kwa sababu hiyo, na Kenya ikafanya hivyo Mei 2014. Sumu hustawi gizani.

Hoja ya pili ni kwamba majirani walijaribu wakashindwa. Tuwatazame kwa haki. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliwapa leseni wapishi wa enguli na kuwataka wauze kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha upya. Kinywaji kilichozaliwa humo kinabeba jina la nchi, Uganda Waragi. Kenya ilifuta marufuku ya chang'aa mwaka 2010, ikataka iuzwe katika chupa za kioo na kwa leseni. Lakini mama wa kijijini atatoa wapi mtaji wa kiwanda cha chupa? Mlango ulifunguliwa, kizingiti kikainuliwa hadi shingoni, na wengi wakabaki nje walipokuwa. Vifo vya 2014 vilitokea sheria mpya ikiwapo. Somo ninaloliona ni kwamba kuhalalisha bila kumshika mkono mpishi mdogo ni kubadilisha maandishi tu.

Hoja ya tatu ni hali ya hewa: eti huku kwetu ni joto, pombe ya mapipa ni mambo ya nchi za baridi. Wahindi wa Amrut wanazeesha wiski Bangalore, mji ulio nyanda za juu na wenye jua kama letu. Mwaka 2004 waliipeleka kuiuza Glasgow, nyumbani kwa wiski. Taiwan, kisiwa cha joto na unyevu, ilishinda tuzo ya dunia mwaka 2015 kwa wiski ya Kavalan, mtambo uliokuwa haujafikisha hata miaka kumi na tano. Katika joto, kinywaji kinapungua zaidi pipani kwa mvuke, lakini pia kinakomaa haraka. Miaka mitatu ya Shinyanga si miaka mitatu ya Uskoti.

Hoja ya nne ni dini. Naiheshimu. Ndugu zangu Waislamu na Wakristo wengi hawanywi, na pengine ndio walio salama kuliko sisi sote. Lakini nchi hii inakusanya ushuru wa bia kila siku na kuuweka kwenye bajeti inayolipa mishahara yetu, wanywaji na wasio wanywaji. Hatuwezi kuwa wacha Mungu kwa gongo ya mjane na wafanyabiashara kwa pombe ya kiwanda. Ukiona dhambi inahesabiwa kwa ukubwa wa mtaji, jua kwamba haijadiliwi dhambi tena.

Na kuna hoja ya tano isiyosemwa hadharani: kuna wanaokula kupitia marufuku. Kila mpishi machimboni anajua bei ya kuonywa mapema na bei ya kuachiwa. Kodi analipa tayari. Tatizo ni kwamba haiingii Hazina.

Kinachowezekana kesho

Sipendi makala inayolalamika kisha ikanyamaza. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, sheria ya 1966 irekebishwe ili iwepo leseni ndogo ya ukenekaji, inayoombwa halmashauri kama mchimbaji mdogo anavyopata ya kwake, kwa ada ambayo kikundi cha wanawake kumi kinaweza kuilipa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu tayari ipo kisheria. Mtambo wa shaba hauna tofauti na cherehani kama chombo cha kazi.

Pili, soko. Kama dhahabu inavyopelekwa sokoni ikapimwa, gongo ya vikundi ipelekwe kituo kimoja cha wilaya, ipimwe methanoli na risasi, iliyofeli imwagwe pale mwenyewe akiona, iliyofaulu isafishwe mara ya pili. Shirika la Viwango na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ujuzi huo. Kinachokosekana ni maelekezo.

Tatu, mapipa. Sehemu ya kinywaji hicho ifungiwe ghalani chini ya lakiri ya mamlaka ya kodi kwa miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Sokoine kipewe kazi ya kupima ni mbao ipi katika nchi hii inafaa na ni ipi ina madhara. Na jina la mahali lilindwe mapema. Wajapani walichelewa hapo: kwa miaka mingi ilikuwa halali kununua wiski ya nje na kuiuza kwa jina la Japani, hadi chama cha watengenezaji wao kilipotoa kanuni mwaka 2021 kwamba ni lazima ikenekwe na kuzeeka Japani kwa miaka isiyopungua mitatu. Tusingoje mtu aandike “Shinyanga” kwenye chupa ya mahali pengine.

Nne, sehemu ya ushuru wake itengwe, kwa kutajwa ndani ya sheria yenyewe, kwa ajili ya kutibu walevi katika hospitali za mkanda huu. Muuzaji anayemuuzia mtoto apoteze leseni. Saa za kuuza ziheshimiwe hata machimboni. Anayechanganya kemikali ashtakiwe kama muuaji. Ukiwa na watu wenye leseni una kitu cha kuwanyang'anya wakikosea. Leo huna kitu isipokuwa shoka.

Watumishi wa umma mnaonisoma, najua baadhi yenu mmeshapokea amri za operesheni msizoziamini. Angalau andikeni katika taarifa zenu ni nani aliyekamatwa, ana watoto wangapi, na alikuwa anatumia nini kupika. Wanafunzi wangu, acheni kuandika tasnifu ya hamsini kuhusu mada ileile. Nendeni Nyarugusu mkaandike daftari ambalo mama mdogo hakuliandika, kabla vikongwe wanaojua hawajaisha. Wanaharakati, mwanamke anayepandishwa gari na mtoto mgongoni ni kesi ya haki za binadamu hata kama ananuka gongo.

Tulipomaliza, chupa ya Yamazaki ilibaki nusu. Mwenyeji wetu akaifunga kwa uangalifu, akasema ni ya kungojea harusi ya binti yake. Mzee akaomba kuiona kwa mara nyingine. Aliinua dhidi ya taa, akasoma tarakimu 12 kwa sauti, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: “Mwalimu, miaka kumi na miwili hawa watu waliiacha imekaa tu mahali pamoja, na hakuna aliyekuja kuivunja?”

Hakuna aliyekuja, mzee wangu. Hilo ndilo wenzetu waliloongeza.